Kabla hujabonyeza rekodi: namna ya kushuti dokumentari fupi ya mwanamichezo kijana anayepambana na akili yake

Dokumentari yangu ya kwanza ya mambo haya ilikuwa ya kipa wa timu moja ya mchangani hapa Dar, dogo wa miaka 21, mikono mirefu balaa. Alikuwa ameumia goti akakaa nje msimu mzima, na akili nayo ikakaa nje pamoja na goti. Alinielezea vizuri tu, ametulia, dakika kama arobaini, alafu mwishoni nikamchomekea swali la baba yake akalia. Mi kwa ushamba wangu nikaona hapo ndo nimepata filamu. Kile kipande cha kulia nikakiweka mwanzo kabisa, na kwenye trela nikakirudia. Siku mbili tu kimeshafika kwenye stetasi za watu, washkaji wa timu pinzani wakatengeneza stika ya WhatsApp, na mechi yake ya kwanza kurudi golini upande mzima wa mashabiki ukawa unamwimbia "usilie, usilie". Alitoka kipindi cha kwanza. Kwenye ile timu hajarudi mpaka leo.

Kwaiyo haya maelekezo yote yanatoka kwenye lile kosa, na ndo maana mambo ya kamera nitayapitia harakaharaka. Kamera ni sehemu rahisi. Ngumu ni kwamba wewe utaediti, utapandisha, utapigiwa makofi, utahamia kazi nyingine, ila dogo anabaki mtaani na ile filamu, anaenda nayo dukani, mazoezini, kanisani, siku moja anaenda nayo ukweni. Kila uamuzi utakaofanya, kuanzia swali la kwanza mpaka jina la faili, jiulize ataishije nayo huyu nikishaondoka.

Anza na neno "kaza"

Kaa pembeni ya uwanja wowote, iwe UMISSETA ya shule za sekondari, iwe ndondo, iwe barabara za vumbi kule Mbulu wanakofanyia mazoezi wakimbiaji, neno utakalosikia ni hilo. Kaza dogo. Jikaze. Mwanaume halii. Na wote tumekuzwa na stori ya John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu, Olimpiki ya Mexico City 1968, alivyoanguka kwenye marathon akaumia goti, akafungwa bandeji, akafika uwanjani wa mwisho zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, watu wengi wameshaondoka, na alipoulizwa kwanini hakuacha akajibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma akamalize. Stori tamu ile, mi naipenda mpaka kesho. Ila kijana ambaye wiki ya tatu hii hawezi kutoka kitandani, ukimsimulia Akhwari unakuwa umemtwisha gunia lingine juu ya lile alilonalo.

Upande wa pili kuna Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani. Olimpiki ya Tokyo, Julai 27, 2021, fainali ya timu, aliruka mara moja akili na mwili vikaachana hewani, hajui yuko wapi, na kwenye jimnastiki ukipotea hewani unaweza kuvunja shingo, akajitoa. Watu wakamsema wee mpaka wakachoka. Siku chache mbele akarudi kwenye boriti akachukua shaba, na Paris 2024 akaondoka na dhahabu tatu. Mwaka huohuo wa 2021 Naomi Osaka, mcheza tenisi wa Japani, alipigwa faini ya dola 15,000 kwenye mashindano ya wazi ya Ufaransa kwa kutokwenda kuongea na waandishi, akajitoa, akasema wazi kwamba amekuwa akipitia vipindi vya sonona, yaani depresheni, tangu 2018. Lakini kumbuka hao wana mawakili, wana madaktari, wana hela benki. Kipa wa mchangani akijitoa mechi moja anaambiwa kalogwa au kahongwa.

Ukikaa hapo katikati, kati ya Akhwari aliyemaliza na Biles aliyeacha, utapata swali la filamu yako: kwenye maisha ya huyu kijana, kukaza kulimsaidia wapi na kulimuumiza wapi. Hilo linatosha dakika nane. Usijaribu kuelezea "afya ya akili kwa vijana wa Afrika" kwenye filamu fupi, utaishia kutengeneza tangazo la NGO.

Kumpata mhusika

Usiposti tangazo la "natafuta vijana wenye depresheni". Nimeona mtu amefanya hivyo, alipata meseji nyingi sana usiku ule na hakuwa na cha kuwaambia. Na usiende kutafuta aliye na hali mbaya kuliko wote, kana kwamba kuna zawadi. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema duniani kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 mpaka 19 ana tatizo la afya ya akili, kwaiyo kwenye kikosi chochote cha vijana wako zaidi ya mmoja, na mara nyingi ni wale unaowaona wanacheka sana kwenye basi. Wala usikimbilie mastaa. Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathon Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03 sote tulirukaruka, ni haki yetu, lakini michezo ndo ilivyo, sekunde 0.03 inatenganisha mtu anayepokelewa uwanja wa ndege na mtu anayerudi nyumbani na bajaji. Huyo wa bajaji hana anayemfuata na kamera.

Mtafute aliyevuka kidogo. Namaanisha mtu ambaye analala, anakula, ana angalau mtu mmoja anayemwangalia, awe daktari, mshauri nasaha, dada yake, mchungaji, yoyote. Aliye katikati ya moto hawezi kukupa ridhaa ya kweli, atasema ndiyo kwa sababu hana nguvu ya kusema hapana.

Na ikitokea mkiwa mnaongea akakwambia hataki kuishi tena, siku hiyo we sio dairekta. Zima kamera. Muulize wazi, unafikiria kujiua? Watu wanaogopa hilo swali wakidhani watampandia wazo, hapana, kumuuliza mtu hakumsukumi, mara nyingi kunamfungua. Usimwache peke yake, mpigie yule mtu wake, mpelekeni hospitali, na kama ni chini ya miaka 18 hapa Tanzania kuna namba 116 ya bure ya kumsaidia mtoto. Filamu itakuwepo, au haitakuwepo, sio habari ya siku hiyo.

Mtego mwingine ni kocha. Kocha atakuletea mhusika fasta, tena kwa mdomo mtamu, "huyu hapa atakwambia kila kitu", na kijana anakaa anamwangalia kocha kabla ya kujibu. Mtu anayepanga kikosi cha Jumamosi hatakiwi kuwepo kwenye chumba. Muombe kocha ruhusa ya kushuti uwanjani basi, hayo mengine ongea na kijana mwenyewe, nyumbani kwao au popote anapochagua.

Ridhaa mara tatu, na hela

Mara ya kwanza kabla ya kamera kutoka kwenye begi. Ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, filamu ni ya nini, itaonyeshwa wapi, nani ataiona, na mstari ulioandikwa kwa herufi kubwa kwamba anaweza kubadilisha mawazo. Kama kusoma ni shida msomee alafu arekodi sauti yake akisema ameelewa. Chini ya miaka 18 mzazi anasaini na mtoto naye anakubali, vyote viwili, mzazi kukubali peke yake haitoshi hata kama kisheria umetimiza.

Mara ya pili baada ya mahojiano, kesho yake, sio palepale. Mpigie, muulize kuna kitu ulisema jana hutaki kitoke? Utashangaa. Mkimbiaji mmoja aliniambia kila kitu kuhusu kulazwa kwake, hakikumsumbua, alichotaka kutoa ni sentensi moja tu kuhusu deni la dada yake.

Mara ya tatu akishaona filamu nzima imekamilika. Na aione akiwa na mtu wake, mchana, sio umtumie linki saa tano usiku.

Kuna la sheria pia ambalo wengi hawalijui. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Maana yake mtu akisema mbele ya kamera "nilijaribu", na jina lake liko chini ya skrini, kisheria umemrekodi akikiri. Kenya walikuwa na chao, kifungu cha 226, Mahakama Kuu ikakitangaza kuwa kinakwenda kinyume na katiba Januari 2025. Sasa kama mhusika wako anataka kuliongelea hilo, kaeni na mwanasheria kwanza. Alafu taarifa za afya ya mtu zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwaiyo cheti cha hospitali, kadi ya kliniki, boksi la dawa lenye jina, usivishuti vikasomeka. Vibali vya kushuti nenda Bodi ya Filamu mapema, usisubiri mpaka mgambo aje akuulize kibali mbele ya mhusika wako mwenye wasiwasi.

Hela. Mlipe nauli, chakula, na kama ameacha kibarua siku hiyo fidia siku yake, na umpe kabla hamjaanza kuongea. Ukimpa baada, tena bahasha ikiwa nene siku aliyolia, umeshamfundisha unanunua nini.

Mahojiano yenyewe

Ziara mbili za kwanza nenda mikono mitupu. Nenda mazoezini, kaa kwenye benchi, beba maji. Ukifika kwao salimia, shikamoo mama, shikamoo mzee, kaa, kunywa chai uliyopewa, jibu we ni mtoto wa nani na unatokea wapi. Hii sio kupoteza muda, mama akishajua kwenu ni wapi ndo nyumba inakufungukia.

Siku ya kurekodi mkalishe anapoona mlango. Mtu mwenye wasiwasi akikaa ameupa mlango mgongo hatulii, na hatakwambia kwanini. Mwonyeshe namna ya kukusimamisha, mi huwa nawaambia akiweka mkono juu ya meza nazima, bila maelezo. Watu wawili tu kwenye chumba, wewe na yeye, labda na mtu wake. Hiki kikosi cha watu sita na taa na kibao cha kupiga kabla ya kila kipande waachie wa tamthilia.

Sasa maswali. "Ulijisikiaje?" ni swali bovu, kwa Kiswahili chetu jibu lake ni "nilijisikia vibaya" na limeisha. Uliza vitu. Uliza viatu, kitanda, simu, ugali, basi la timu. Mfano wa yule kipa, hii ni sehemu ambayo niliikata kwa upumbavu wangu nikaacha kulia:

"Viatu vya mpira viko wapi siku hizi?"

"Chini ya kitanda kaka."

"Tangu lini?"

"Tangu mama avihamishe. Vilikuwa mlangoni, nikawa sitoki nje kwa sababu sitaki kuvipita."

Niambie kama hapo kuna haja ya machozi. Anayetazama ambaye hajawahi kuugua chochote cha akili ataelewa sonona kwa hiyo sentensi ya viatu kuliko daktari akiongea dakika tatu.

Akilia, na anaweza kulia, usisogeze kamera karibu. Subiri. Mpe maji. Muulize tuendelee au tuishie hapa. Na kabla ya kufunga mrudishe kwenye vitu vyepesi, muulize goli zuri alilowahi kuokoa, mbio alizowahi kufurahia, usimwache pale chini alafu ukafungasha waya zako ukaondoka.

Mama naye atataka kusema, na mama mara nyingi atasema hivi: "Mwanangu, huyu wamemchezea." Hapa madairekta wengi wa mjini wanaharibu. Wanaweka kinanda cha kutisha, wanakata kwa haraka kwenda kwa daktari anayemsahihisha, mama anaonekana mshamba mbele ya nchi nzima. Usifanye hivyo. Mpira wetu umejaa hayo, kijana akishuka kiwango maelezo ya kwanza ni kulogwa, wala hayatoki kwa wajinga, yanatoka kwa watu wanaotafuta sababu ya kitu kisichoonekana kwenye eksirei. Familia nyingi zinaenda kwa mganga au kwenye maombi na hospitali vilevile, wiki ileile. Mwache mama aseme, alafu muulize ulimpeleka wapi, walikwambia nini, ukaonaje, atakusimulia safari nzima mwenyewe mpaka kliniki. Na kama ni mama wa Mbulu na Kiiraqw ndo kinamtoka vizuri, mwache aongee Kiiraqw, maandishi ya chini yapo kwa kazi hiyo. Nisichokubali ni kamera kuingia sehemu ambayo watu wamefungwa minyororo au kunyimwa dawa ukaonyesha kama tiba. Hapo ukiona, umeona jambo la kuripoti.

Maneno

Kichaa, chizi, mwehu, "katoka Mirembe", haya yanatutoka kirahisi sana kwenye utani na hata kwenye sauti ya msimulizi. Mirembe ni hospitali, iko Dodoma, watu wanakwenda wanatibiwa wanarudi makwao, na mhusika wako inawezekana ni mmoja wao. Usimpachike jina la ugonjwa ambao daktari hajampa, kama hajaambiwa ana sonona basi sema alikuwa halali usiku, alikuwa hali chakula, alikuwa haongei. Na "amepona kabisa" ogopa nalo, kwa wengi haya mambo huenda yakarudi, sasa siku yakirudi wewe umeshaitangazia dunia amepona, atajiona ameshindwa mara ya pili.

Kuna moja ni letu kabisa. Kwa Kiingereza waandishi wanaambiwa wasitaje njia mtu aliyotumia kujiua. Sisi njia imeshaingia kwenye kitenzi, "mchezaji ajinyonga", "anywa sumu", kichwa cha habari kimeshamaliza kila kitu kabla hujafungua. WHO wana miongozo kwa waandishi, na mwaka 2019 walitoa mmoja maalum kwa watu wa filamu na jukwaa, na linalosisitizwa humo ni hilo, usionyeshe njia, usionyeshe mahali, usisome barua aliyoacha, usitoe sababu moja kana kwamba ni hesabu, kaachwa na mpenzi basi kajiua. Wanaotazama kuna walio kwenye hali hiyohiyo. Sema amefariki kwa kujiua, inatosha, alafu ongelea maisha yake na waliobaki.

Akitaka asionekane sura

Wengi watataka hivyo na ni haki yao. Lakini kile kivuli cheusi na sauti ya kukwaruza kwa hapa kwetu kinamaanisha jambazi au shahidi wa kesi ya madawa, kwaiyo umemficha mtu alafu umemvalisha uhalifu. Shuti mikono ikifunga kamba za viatu, miguu kwenye vumbi, kikombe, mlango, kitanda kilichotandikwa. Sauti mpe mtu mwingine aisome kwa utulivu na uandike kwamba ni sauti ya mwingine.

Na hapa ndo watu wa michezo wana shida yao ya pekee: mwanamichezo anajulikana kwa mgongo. Mtaa mzima unamjua fulani kwa anavyotembea, kwa bega moja lililo chini, kwa namba ya jezi, kwa soksi alizozoea kukunja. Mkimbiaji ndo kabisa, wenzake wakiona hatua tano wanamtaja jina. Kuna filamu nilimficha binti mmoja sura yote, nikamshuti kwa mbali anakimbia alfajiri jua nyuma yake, picha kali sana, nikamwonyesha rafiki yangu mmoja ambaye naye ni mkimbiaji, ila wa kambi nyingine, sekunde nne tu akasema, eh, si fulani huyu? Nikaifuta, iliniuma lakini nikaifuta. Kwaiyo kabla hujasema umemficha mtu, mtafute anayeujua mchezo huo, mwonyeshe, uone. Angalia pia rangi za timu, uwanja, kovu, sauti ya dada anayemwita kwa mbali.

Kamera na sauti, kwa ufupi

Simu yako inatosha. Weka fremu 25 kwa sekunde maana umeme wetu ni wa hezi 50, ukishuti fremu 30 ndani kwenye taa za tyubu picha inaweza kumemeta na ni kazi kuiponya baadaye. HD ya kawaida inatosha, 4K itakula nafasi uishie kufuta picha za harusi ya dada yako katikati ya mahojiano. Weka simu kwenye hali ya ndegeni. Safisha lenzi, jamani.

Hela yako yote peleka kwenye sauti. Maiki ndogo ya kubana kwenye shati, au kama huna, simu ya pili ndani ya mfuko wa shati inarekodi. Zima friji, subiri bodaboda ipite, na chini ya bati mvua ikianza acheni tu, mnyweshane chai. Rekodi dakika moja ya ukimya wa chumba utanishukuru wakati wa kuediti.

Ukifika nyumbani nakili sehemu mbili, zote ziwe na nywila. Simu ikiibiwa daladala, kilichoibiwa sio simu, ni siri za mtu. Na faili usiliite kwa jina lake, liite "mahindi 3" huko.

Mezani

Andika mahojiano yote neno kwa neno, ndiyo inachosha, ila ukiyasoma kwenye karatasi machozi hayaonekani, yanabaki maneno, na utaona yapi yana uzito. Dakika saba mpaka kumi. Anza na siku ya kawaida, mtu anachota maji, anapaka viatu dawa, anamtania mdogo wake, mtazamaji amjue kwanza kama mtu alafu ndo asikie yaliyomkuta.

Kuna umbo moja linatuua, lile la alikuwa juu, akaanguka, akaombewa au akatibiwa, sasa yuko juu tena anabeba kombe na muziki unapanda. Maisha ya wengi hayako hivyo. Goti lililokatika kano ya ACL lenyewe linachukua kama miezi tisa au zaidi kurudi uwanjani, na akili haina hata tarehe. Maliza palipo, hata kama ni dogo anakwenda mazoezini Jumanne na Alhamisi hakwenda.

Mtaalamu mpe sekunde thelathini, sio zaidi, na asimchambue mhusika mbele ya kamera kama mgonjwa wa mtihani. Kazi kubwa ya mtaalamu ni nyuma, akuangalizie filamu kabla haijatoka. Idara za afya ya akili kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili zina watu, nenda kaombe kistaarabu, wengine watakubali bure. Muziki punguza. Punguza tena.

Mwisho weka namba za msaada, na wewe mwenyewe zipige kwanza usikie kama zinapokelewa na saa ngapi. Tanzania 116 kwa watoto, Kenya kuna 1199 ya Msalaba Mwekundu. Namba isiyopokelewa mbele ya mtu aliyekusanya ujasiri wiki nzima, bora usingeiweka.

Kupandisha, na wiki ya kwanza

Mwenye mchezo wa ushindani usitoe filamu yake wakati dirisha la usajili liko wazi, la katikati ya mwaka wala dirisha dogo. Viongozi wa timu hawatasema wamemwacha kwa sababu ya sonona, watasema "benchi la ufundi limeona vinginevyo". Subiri asaini. Muulize tarehe yeye, labda kuna mtihani, kuna msiba, kuna harusi.

Onyesha kwanza kwa familia, sebuleni, alafu kwa wachezaji wenzake kama anataka. Wenzake wakiiona ndani ya chumba wakiwa naye, hawatengenezi stika. Hili nalijua kwa uchungu.

Kava ya video isiwe sura ya kulia, na kichwa kisiwe "INASIKITISHA". Komenti ziwe zinapitiwa kabla ya kuonekana, wiki ya kwanza ukae nazo asubuhi na jioni, futa matusi bila kubishana, na zile za "mi pia napitia haya" zijibu kwa namba na maneno mawili ya utu. Mpigie mhusika siku ya kwanza, ya tatu na ya saba. Ya tatu ndo mbaya, pongezi zimeisha, utani umeanza. Na wewe pia tafuta wa kuongea naye, miezi miwili unasikiliza sauti ya mtu anayeumia kwenye hedifoni sio kitu kidogo, mi nilikuwa naota mahojiano.

Na akikwambia iondoe mtandaoni, unaiondoa siku hiyohiyo, hata kama imefika views laki, hata kama tamasha limeshachapisha ratiba. Mkimbiaji mmoja aliniambia usiku wa kuamkia siku ya kupandisha, "Kaka, nimeongea na mama, naomba tuiache kwanza." Nikamjibu sawa mdogo wangu. Ipo kwenye flashi, kabatini, mwaka wa pili huu, na kila tukionana tunaongelea mbio tu.